Jina la Mwandishi Hupangwa Mwisho

Cleopas Wanjala alikuwa mtu wa kuudhi, na nasema hivyo huku nikimpenda. Ukimwonyesha barua ya posa ya binti yako, atakwambia mstari wa tatu una nukta iliyozidi. Kanisani watu wote wanaimba, yeye amekunja uso juu ya kitabu cha nyimbo kwa sababu herufi moja katika ubeti wa pili imekaa kichwa chini. Niliwahi kumwambia kwamba siku ya kiyama ataomba aletewe kitabu cha uzima akikague kwanza. Hakucheka. Alisema kitabu kikubwa kama hicho hakiwezi kukosa makosa.

Kazi yake ilikuwa kupanga chapa katika kiwanda kimoja kidogo huko Nakawa, upande wa viwanda wa Kampala. Alisimama mchana kutwa mbele ya sanduku lenye vyumba vingi, akiokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga kinyumenyume mpaka zikawa neno, neno likawa mstari, mstari ukawa ukurasa. Maandishi ya kinyume aliyasoma upesi kuliko wengi wetu tunavyosoma ya kawaida. Alitoka Bungoma, Kenya, mwaka hamsini na tisa. Mkewe Phelister na watoto walibaki shambani, naye alikwenda kwao Krismasi na msimu wa kupanda mahindi.

Mimi ni Mbambu. Nilizaliwa karibu na Butembo, Kongo, nikavuka mpaka mwaka sitini na nne wakati wa vita, mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Pale kiwandani nilikuwa mkunjaji. Karatasi kubwa zikitoka kwenye mashine, sisi wanawake wanne tulizikunja, tukazishona kwa uzi na kuzipaka gundi. Wanjala aliniita Mama Mumbere, kwa jina la mwanangu wa kwanza, nami nilimwita Fundi.

Mwenye kiwanda zamani alikuwa Mhindi, Bwana Popatlal. Yeye na ndugu zake walikuwa na choo chao chenye kufuli. Sisi weusi tulikuwa na chetu, hakina hata mlango. Wahindi walipofukuzwa nchini mwaka sabini na mbili, tulishangilia. Mimi pia nilishangilia, sitadanganya. Wanjala alikwenda akavunja lile kufuli, akachungulia, akarudi akasema, "Kumbe ni shimo kama letu tu." Kisha akatuharibia furaha yetu, kama kawaida yake: "Lakini mtu akifukuzwa kwa sababu ya ngozi, msipige vigelegele. Aliyemfukuza amejua sasa kwamba inawezekana. Kesho atatafuta kitu kingine, kabila lako, au kanisa lako." Tulimwambia anyamaze. Kiwanda kilipewa Meja mmoja wa jeshi, na choo cha kufuli kikawa cha Meja.

Mwanzoni mwa mwaka sabini na tano akaja Mwalimu Odur na kitabu chake.

Odur alikuwa mwalimu wa shule huko Mengo, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alikuwa amesomesha Tabora miaka minne, ndipo alipojifunza Kiswahili kizuri kile, halafu akapata nafasi ya kusoma Marekani. Huko aliingia katika harakati za watu weusi. Alifungwa jela katika miji mitatu kwa kosa la kuketi kwenye viti vya hoteli ambavyo havikuwa vya watu wa rangi yake. Kitabu kilieleza hayo yote, na mambo ya Makaburu wa Afrika Kusini, na mambo ya nyumbani kwetu pia, wakati wa wakoloni. Kilikuwa na jina *Weusi Waingie kwa Nyuma*. Niliposikia jina hilo nilikumbuka duka la Mgiriki kule kwetu, ambapo mama yangu alinunua chumvi kupitia kidirisha cha nyuma, mvua ikimnyeshea. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba jambo kama hilo linaweza kuandikwa kitabuni.

Serikali ilikipenda. Mwaka huo marais wa Afrika nzima walikuwa wanakuja Kampala kwa mkutano wao mwezi wa Julai, mawe ya kando ya barabara yalikuwa yanapakwa chokaa, na kila redio ilikuwa inawatukana Makaburu. Wizara ilileta barua: nakala elfu mbili, kwa Kiswahili, ziwekwe mbele ya wageni na zigawiwe askari makambini. Waganda wengi hawakutaka hata kukisikia Kiswahili, walikiita lugha ya askari. Hapo kiwandani waliokisoma vizuri tulikuwa wawili, Mkenya na Mkongo. Basi Wanjala akipanga ukurasa, mimi nilishika karatasi za Mwalimu nikamsomea, yeye akifuata kwa kidole prufu, ile karatasi ya majaribio. Hivyo ndivyo nilivyokisoma kitabu kizima kwa sauti, nukta kwa nukta.

Sura ya nne ndiyo iliyomteka. Mwalimu alisimulia kwamba alipokuwa jela katika mji mmoja wa kusini mwa Marekani, kila alasiri akina mama wa kanisa walikuja na kofia zao za Jumapili wakasimama nje ya ukuta. Hawakurusha mawe. Walimwita kila mfungwa kwa jina lake kamili na la baba yake, na aliyeitwa alijibu kutoka ndani. Walifanya hivyo ili askari jela ajue kwamba huyu ana watu wake, na kwamba watu hao wanajua hasa alipo. Tangu siku tuliyosoma hapo, Wanjala alipata wazimu mpya. Kila asubuhi akiingia kiwandani alisimama mlangoni akatuita mmoja mmoja.

"Mbambu binti Katembo!"

"Nipo!"

Tulicheka, tukamwambia anataka kuwa mwalimu wa zamu. Lakini tulijibu, na siku aliyokuwa mgonjwa asije, asubuhi ile ilikuwa na upungufu fulani.

Sura ya saba haikumchekesha mtu. Ilikuwa juu ya Johannesburg, jinsi polisi wa Makaburu walivyowachukua watu. Nilipomsomea ukurasa wa mia na kumi na tatu sauti yangu ilianza kupungua yenyewe. Ulisema hivi: *Wanakuja mchana, kwa kuwa hawamwogopi mtu. Gari lao halina namba. Wanasema kwa upole: njoo mara moja tu utoe maelezo kidogo, utarudi chakula kikiwa bado moto. Mke anafunika sahani. Jioni anaifunua, anaifunika tena. Baada ya wiki bado anapika kwa watu wawili.*

Wanjala aliondoa kidole kwenye prufu. Tulitazamana. Mtaani kwangu peke yake nilijua wanawake watatu waliokuwa wanafunika sahani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Johannesburg.

"Endelea kusoma, Mama Mumbere," alisema. "Bado kuna mistari tisa."

Sasa niseme kosa langu, maana bila kosa hilo pengine nisingekuwa na hadithi.

Kiwandani kulikuwa na desturi ya tangu enzi za Popatlal: karatasi zilizoharibika kwenye mashine ni haki ya wakunjaji. Tuliziita mabovu. Tulizikata, tukazifunga kwa uzi na kuwapelekea wauza karanga wa soko la Nakawa, nao wakazisokota pakiti. Miaka kumi na moja nilifanya hivyo. Ratiba za shule, nyimbo za dini, kalenda za Kiganda, zote zilifunga karanga, na hakuna aliyewahi kudhurika. Sikufikiri. Mkono ukizoea kazi, kichwa kinalala.

Kitabu hupigwa chapa kwa mafungu, kila fungu kurasa kumi na sita. Ukurasa wa mia na kumi na mbili, wenye jina la Johannesburg na jina la Makaburu, ulikuwa wa mwisho katika fungu la saba. Wa mia na kumi na tatu ulikuwa wa kwanza katika fungu la nane. Fungu la nane siku hiyo lilianza vibaya, wino ukafifia, karatasi kama hamsini zikapigwa upande mmoja tu kisha zikatupwa. Nikazikata na kumpelekea rafiki yangu Alal, muuza karanga sokoni. Kwa hiyo huo ukurasa ulitoka ukiwa peke yake, mgongo wake mweupe, bila jina la nchi yoyote. Hata mimi ningeuokota njiani, ningesema mtu ameandika habari za Kampala.

Na wanaosoma Kiswahili katika mji ule ni akina nani? Ni askari. Askari mmoja wa kambi ya jirani alinunua karanga, akala, akasoma pakiti.

Ijumaa asubuhi Kapteni mmoja wa jeshi aliingia kiwandani na watu wawili. Alikuwa kijana, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjuliwa, ina madoa ya mafuta. Niliitambua kabla hajafungua mdomo, nikainama nyuma ya meza ya kukunjia kama anayetafuta uzi. Alal, niliambiwa baadaye, alipigwa makofi mawili akasema karatasi inatoka kwa wenye chapa kule chini. Jina langu hakulitaja. Mungu ambariki popote alipo.

"Hii kalatasi natoka hapa?" aliuliza Kapteni.

"Ndiyo, afande," Wanjala alisema. Meja, mwenye kiwanda, alikuwa kwao kwenye arusi, na siku hiyo mkubwa wetu alikuwa Wanjala.

"Nani naandika hii maneno? Nani nasema selikali yetu iko nabeba watu na gali?"

Mtu mwingine angepiga magoti. Wanjala alivaa miwani yake, akaichukua karatasi, akaukagua wino. "Afande, hii ni karatasi mbovu. Ngoja nikuonyeshe nzima." Akaleta fungu la saba, akalifunua mwisho, akaweka kidole. "Soma hapa kwanza, halafu uendelee pale. Ni Makaburu, afande. Kitabu cha Wizara. Barua hii hapa."

Kapteni alisoma. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Barua ya Wizara ilikuwa na mihuri miwili, ikitaja jina la kitabu na idadi ya nakala, basi. Ndipo nilipoona jambo ambalo sijalisahau: Kapteni hakuwa na mahali pa kupeleka hasira yake. Akisema maneno haya yanatuhusu sisi, amekiri. Akisema hayatuhusu, amekuja kufanya nini?

Akatabasamu, na tabasamu lile lilinitisha kuliko kelele zake.

"Kumbe ni Makabulu. Vizuri sana. Na wewe, fundi, ulifikili ni nani?"

"Mimi nafikiria nukta tu, afande."

"Basi mimi nataka kushika mukono ya huyu mwandishi. Kumupa hongela. Jina yake nani?"

Mkunjaji mwenzangu mmoja alikohoa. Wanjala hakutazama upande wowote. "Afande, kurasa za mwanzo ndizo tunazopanga mwisho. Jina la mwandishi hupangwa mwisho kabisa. Sijaletewa bado." Nusu ya kwanza ilikuwa kweli tupu, hata leo wapanga chapa hufanya hivyo. Nusu ya pili ilikuwa uongo, na ndio uongo wa kwanza niliowahi kumsikia akisema.

"Jumatatu," alisema Kapteni. "Saa ya chakula. Nataka ile kalatasi ya mwanzo, na jina ndani yake." Akaondoka na ile pakiti ya karanga. Gari lake halikuwa na namba.

Wanjala alirudi kwenye sanduku lake, akafanya kazi mpaka mchana. Kisha akanijia.

"Mama Mumbere, mabovu ya fungu la nane yako wapi?"

"Niliwashia moto nyumbani," nilisema.

"Basi moto wako una mafuta ya karanga."

Nililia. Nilimwambia anipige, anitukane, afanye lolote. Alisubiri nimalize, akanipa kitambaa chake chenye wino, nikazidi kuchafuka uso. "Hiyo ni haki yenu tangu zamani," alisema. "Mimi ndiye niliyesoma ukurasa ule nikajua ulivyo, nikauacha uende. Nikifa, usijibebeshe peke yako." Nilimkemea kwa kutaja kifo. Alasiri ile alizichoma karatasi zote za Mwalimu katika jiko la gundi, zile zilizoandikwa kwa mkono na kutiwa jina lake.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda Mengo, mimi na yeye, mimi nimebeba kikapu cha ndizi mbivu ili tuonekane watu wa kutembelea jamaa. Mwalimu Odur alikuwa anasahihisha madaftari. Alikuwa peke yake. Mkewe Amito alikuwa kwao, kaskazini, amekwenda kujifungua. Wanjala alimweleza yote kwa ufupi, na akasema sababu ya karatasi kutoka ilikuwa uzembe wa kiwanda. Hakunitaja.

"Sitakimbia," alisema Mwalimu. "Nimefungwa mara tatu na watu wabaya zaidi ya hawa, ndugu yangu. Kama nitakimbia nchi yangu mwenyewe, kitabu changu ni cha nini?"

Sikuwahi kumwona Wanjala amekasirika kweli mpaka siku ile. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mwalimu, mimi nimepanga kitabu chako herufi kwa herufi, nakijua kukupita wewe! Kule walikufunga, ndiyo. Walikupiga. Lakini askari aliandika jina lako kwenye daftari la jela, na mawakili walilisoma, na wale akina mama waliliita ukutani. Hapa nani ataliandika? Nitakuita ukuta gani, Mwalimu? Niambie! Ukuta gani?"

Mwalimu aliyapanga madaftari yake, moja juu ya jingine. Alikuwa mtu jasiri na hakupenda kuambiwa kwamba ujasiri wake hautafaa kitu. Mwishowe aliuliza njia.

Njia ilikuwepo. Ndugu mmoja wa Bungoma alifanya kazi bandarini Port Bell, kwenye meli inayobeba mabehewa ya treni kwenda Kisumu. Angeweza kumpitisha mtu kati ya mabehewa ya kahawa. Shida ni kwamba meli ingeondoka Jumanne asubuhi, na Kapteni alitaka jina Jumatatu mchana.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia Wanjala, "Na wewe nenda naye. Usirudi kazini kesho."

"Nisipokuwepo kesho watauliza wengine. Yule mwenzako anayekohoa atalitaja jina kabla hawajamgusa. Meli itasimamishwa." Akatembea kidogo. "Ni siku moja tu ninayohitaji kumpatia Mwalimu. Na mimi ni Mkenya, Mama Mumbere. Watanipiga, watanirudisha mpakani. Phelister atafurahi, shamba lina magugu."

Nadhani aliamini hivyo. Nimejiuliza maswali mengi kuhusu yeye, lakini hilo naamini aliliamini, kwa sababu alianza kuhesabu ni mifuko mingapi ya mbegu atahitaji.

Jumatatu alituita majina mlangoni kama kawaida. Tukajibu. Kisha akapanga ukurasa wa mwanzo. Ilimchukua asubuhi nzima, ukurasa wenye maneno machache vile. Alibadilisha nafasi, akapima kwa jicho, akabadilisha tena. Hakuniita nimsomee. Mchana tulikaa chini kula. Nilikuwa nimempakulia ugali na maharage, na alikuwa amekula matonge mawili gari liliposimama.

Wanjala alinawa mikono. Alipaka wino, akapiga prufu moja, akampa Kapteni ikiwa bado mbichi. Kapteni aliisoma kwa sauti ili wote tusikie.

"Weusi Waingie kwa Nyuma. Kimeandikwa na Cleopas Wanjala."

Yule mwenzangu wa kukohoa alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote, akaufunga.

"Wewe? Fundi wa chapa?"

"Mimi, afande. Usiishike hivyo, wino haujakauka."

Kapteni alimtazama. Sijui kama alisadiki. Labda hakujali; alihitaji jina, na jina lilikuwa hapo limepigwa chapa. Akamwekea mkono begani, na kwa sauti ya upole kabisa akasema, "Twende mala moja tu, utoe maelezo kidogo."

Sisi wote pale tulikuwa tumekunja fungu la nane. Hata wasiojua Kiswahili walikuwa wamekwisha kutafsiriwa ukurasa ule. Wanjala akavua aproni yake, akaikunja, na akiwa ni yeye yule yule, mkaguzi mpaka dakika ile, akamsahihisha.

"Umeruka maneno, afande. Pale mimi niliendelea hivi: utarudi chakula kikiwa bado moto."

Hawakumpiga mbele yetu. Walitoka naye, mmoja mbele, wawili nyuma. Nilibaki nimesimama, nikasikia gari likiondoka, na nilipotazama mikono yangu ilikuwa imeshika sufuria ndogo na inaifunika sahani yake.

Mwalimu Odur alifika Kisumu Jumatano. Nilijua kwa sababu yule ndugu wa Port Bell alipita kiwandani akaagiza kalenda ilhali mwaka umefika nusu; ndiyo ishara tuliyopatana. Kitabu kilichomwa moto nyuma ya choo cha Meja, mafungu yote. Marais walikuja. Tulipewa vibendera tukasimama kando ya barabara iliyopakwa chokaa, na redio ilisema siku nzima kwamba mtu mweusi hatanyanyaswa tena na yeyote. Nilipunga kibendera changu. Nilikuwa na watoto watatu.

Mwezi wa Agosti Phelister alikuja kutoka Bungoma na picha ya mumewe ya siku ya arusi. Alikuwa amekwenda ofisi nne na kila mahali wamemwambia hawana mtu wa jina hilo. Aliniuliza, "Dada, wewe ulifanya kazi naye. Alipelekwa wapi?" Nikamwambia sijui, na hiyo ilikuwa kweli. Sikumwambia habari za mabovu. Alinishukuru, akaniachia mayai sita aliyokuja nayo toka nyumbani. Mayai yale sikuweza kuyala wala kuyatupa.

Na haya ndiyo ninayotaka yajulikane, kwa sababu wengine wakisimulia habari zake hunitaja mimi kama rafiki mwaminifu. Sura ya nne nilikuwa nimeisoma kwa sauti, nukta kwa nukta. Nilijua kazi ya akina mama wale. Miaka minne nilipita karibu na kuta mbili tatu za mji huu ambazo kila mtu alijua ndani yake kuna watu, na sikuita jina. Nilitembea upesi, uso chini. Niliogopa. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Aprili mwaka sabini na tisa serikali ile ilianguka. Tulisikia milango ya jela kubwa ya kule karibu na bandari imefunguliwa, na watu wakakimbilia huko kutafuta watu wao. Sikuwa na sababu ya kudhani Wanjala yumo. Nilikwenda. Watu walikuwa wanatoka mmoja mmoja, wembamba, wamekinga macho jua lisiwaumize, na kila aliyetoka alirukiwa na jamaa zake. Nilisimama pembeni, kisha nikasogea mpaka langoni. Nikaita.

"Cleopas Wanjala, mwana wa Makokha!"

Watu waligeuka. Niliita mara ya pili, ya tatu. Mama mmoja wa Kiganda kando yangu, ambaye hakunijua wala kumjua, akaanza kuita pamoja nami, akilivunja jina kwa ulimi wake. Tuliita mpaka koo likakauka na lango likaanza kuishiwa watu.

"Nipo," mtu akajibu.

Alikuwa mzee, au alionekana mzee, hana shati. Hakufanana na Wanjala hata kidogo. Alikuja mpaka mbele yangu akasimama.

"Mimi si huyo unayemwita, mama," alisema. "Yeye simjui. Lakini nimekaa hapo tangu asubuhi, hakuna aliyeniita mimi."

Nikamuuliza jina lake kamili, na la baba yake. Akaniambia. Nikavuta pumzi, nikaliita pale langoni kwa sauti yote iliyokuwa imebaki: Zefania Mukwaya, mwana wa Kezekia. Naye akajibu, nikamshika mkono, tukaenda nyumbani, nikampikia, akala chakula kikiwa bado moto.